Je, Radi Hutumwa?



Masika yanapoingia na ngurumo kuanza, twasikia tena maneno yale yale. Tufunike vioo. Tusivae nguo nyekundu. Radi ni jogoo ashukaye kutoka mawinguni. Hayo tungeweza kuyacheka na kuyaacha, maana kioo hakivuti radi, wala rangi ya kanga haiigeuzi njia yake. Lakini liko neno moja tusiloweza kulicheka, nalo ni lile swali liulizwalo msibani kwa sauti ya chini, kabla kaburi halijachimbwa: "Ni nani aliyeituma?" Swali hilo limewafukuza wajane nyumbani mwao, na limewapa vikongwe jina la uchawi. Hata sisi tuliobatizwa twaliuliza, ila sisi hulivika kanzu ya dini tukasema, "Mungu amempiga kwa dhambi yake."

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Tarehe 6 Julai 1984, katika kanisa kuu la York, Uingereza, David Jenkins aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Durham. Watu wengi walikuwa wamemkasirikia, kwa kuwa alisema maneno yaliyotia shaka juu ya Bwana kuzaliwa na Bikira na juu ya ufufuo wake. Usiku wa kuamkia tarehe 9, moto ukateketeza paa la upande wa kusini wa kanisa lile. Wachunguzi walisema yaelekea sana chanzo kilikuwa radi. Mara Wakristo, na elimu zao, wakasema Mungu amejibu. Basi kama ilitumwa, radi hiyo ilichelewa siku tatu, ikakuta askofu amekwisha kwenda zake.

Nasi twawauliza wenye kusema hivyo: na Nyaruguru je? Jumamosi tarehe 10 Machi 2018, katika wilaya hiyo ya kusini mwa Rwanda, Waadventista Wasabato walikuwa kanisani wakiabudu. Radi ikapiga, na watu 16 wakafa. Je, hao walimkosea Mungu kuliko jirani zao waliobaki nyumbani? Bwana wetu alikwisha kulijibu jambo hili aliponena habari za wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu (Luka 13). Alikataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Na Yakobo na Yohana walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria, aliwakemea.

Radi ni nini, basi? Ndani ya wingu kubwa la mvua, chembe za barafu hugongana, na kwa kugongana huko umeme hujitenga, wa namna moja ukakaa juu na wa namna nyingine chini. Ukizidi, huruka kutoka wingu hadi wingu, au kutoka wingu hadi ardhini. Hewa ipitiwayo na umeme huo hupata joto la kama nyuzi 30,000, yaani mara tano ya uso wa jua. Hupanuka ghafla, na mlipuko huo ndio ngurumo. Mara nyingi hupiga kilicho kirefu: mnazi, mwembe, mnara wa kanisa. Haijui jina la mtu. Tena si kweli kwamba haipigi mahali pamoja mara mbili. Jengo la Empire State kule New York hupigwa mara 20 hivi kila mwaka.

Liko kosa jingine, nalo laua. Wako waogopao kumgusa aliyepigwa, wakidhani umeme umebaki mwilini mwake, au kwamba amgusaye atairithi laana, mpaka mganga aje. La hasha! Umeme haubaki mwilini. Wengi wapigwao na radi huishi, na afaye mara nyingi hufa kwa sababu moyo au pumzi imesimama. Dakika chache za kwanza ndizo zenye uhai. Mlaze chali. Kama hapumui, weka viganja katikati ya kifua chake, ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwenzio atafute gari. Yule kuhani na yule Mlawi waliopita kando, pengine nao walikuwa na sababu zao.

Na ninyi wanakwaya, ule mwembe ulio mbele ya kanisa si mahali pa kujikinga mvua. Umeme huruka kutoka shinani hadi kwa mtu, au hupita ardhini mpaka miguuni pake, na kandambili za mpira hazimsaidii kitu. Mkihesabu sekunde zisizofika 30 kati ya mwanga na ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10. Ingieni katika nyumba imara, au ndani ya gari lililofunikwa kwa bati. Kibanda cha nyasi hakitoshi. Msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Benjamin Franklin alipobuni kizuia radi katika karne ya 18, walikuwako watu wa dini waliokikataa, wakisema ni kuuzuia mkono wa Mungu. Sisi tunacho, lakini waya wake wa shaba ushukao kutoka mnarani umekatika karibu na mlango wa vestri. Tumewaomba wazee wa kanisa waushughulikie kabla ya mvua kukolea.