Nyuzi Nne

Daftari la dharura la kambi yetu ya utafiti, karibu na Olduvai, natunza mimi. Lina ukurasa wa moto, wa ajali ya gari, wa nyati, wa nyoka: nani apigiwe simu, gari lipi litoke, na usiku ukiwa umeingia, nani aombwe kufungua Geti la Lodoare ili mgonjwa ashuke Karatu. Siku moja mlinzi wetu, mzee wa Kimaasai, alilifunua, akalifunga upesi.

“Mwanangu, unayaita haya. Msiba ambao Mungu hajauleta hauandikwi.”

Nilikosa jibu, maana kwetu ni Rhotia. Mei 6, 2017, basi la wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni pale Rhotia Marera, wakafa watu 35, watoto 32 kati yao. Watatu walipona. Wamarekani waliokuwa wakipita njia hiyo walisimama na kuwahudumia. Daftari gani liliwaleta? Nyumbani tulisema ni Mungu, na hadi leo nasema hivyo. Ila miongoni mwa wapita njia wale alikuwamo mwenye ujuzi wa tiba, na ujuzi huo kuna aliyekaa chini akaufundisha miaka mingi kabla ya asubuhi ile.

Naye Yusufu aliweka akiba Misri miaka 7 kabla ya njaa. Kitabu cha Mwanzo kinasema nafaka ilizidi mpaka akaacha kuhesabu. Basi kabla ya hapo alikuwa akihesabu, na njaa yenyewe Mungu alishaitangaza.

Haya ningemwambia mzee kwa kifua mbele, kama si jokofu. Dawa ya sumu ya nyoka hukaa humo, kati ya nyuzi 2 na 8, nami husoma joto asubuhi na jioni na kuliandika daftarini. Wiki moja niliitwa nyumbani msibani, nikaondoka bila kumwachia mtu kazi hiyo. Niliporudi nilijaza nafasi zote 14 kwa mkao mmoja: nyuzi 4, nyuzi 4, nyuzi 4.

Hakuna aliyeumwa na nyoka. Nilimkosea nani, basi?

Swali hilo lilininyima usingizi. Amri inakataza kumshuhudia jirani uongo, nami nilizoea kudhani jirani ni mtu mwenye jina na uso. Jirani wa daftari hajafika bado. Ni kijana atakayekuja msimu ujao kuchimba, akanyage kifutu majanini, na aliye karibu naye aiamini tarakimu yangu. Kule Laetoli, kusini mwetu, majivu ya volkano yalihifadhi nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, na Mary Leakey na wenzake wakazifunua mwaka 1978. Waliopita pale hawakujua kwamba watasomwa. Mimi najua.

Nilimweleza mkuu wa kambi. Nikazikata nafasi zile kwa mstari mmoja ili zisomeke, nikatia sahihi. Dawa tukaiondoa, na mpaka mpya ilipofika ukurasa wa nyoka ulisema: dawa hakuna, mgonjwa apelekwe hospitali ya Endulen mara moja.

Mzee nilimsimulia yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba nimwonyeshe kipimajoto kinavyosomwa.

Juzi nilikuwa Karatu, simu yake ikaingia.

“Mwanangu, ni tisa. Nimeandika tisa.”