Sadaka kwa Asiyejua Kuomba

Atoaye mali yake kwa ajili ya wanyama aghalabu humpa yule aliyemtazama usoni, na kwa kuwa jicho la binadamu huvutwa na sura inayofanana na yake, sokwe hupata wafadhili hata ng'ambo ya bahari, ilhali ndagala, samaki mdogo wa ziwani, hana mfadhili hata mmoja. Sisemi haya kwa kuwabeza walioshikwa na huruma. Sokwe mayatima waliolelewa Bujumbura na taasisi ya Jane Goodall, kisha wakahamishiwa Sweetwaters nchini Kenya kuanzia mwaka 1993, wakati Burundi ilipokuwa ikitumbukia vitani, walitendewa ihsani ya kweli. Walakini dhamiri iliyokwisha kuamka kwa ajili ya sokwe haina hoja ya kulala mbele ya samaki.

Ufukweni Nyanza-Lac, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, baada ya usiku wa giza, mitumbwi hurudi na taa zake, ndagala wakamwagwa karai baada ya karai na kuanikwa juani, kila mmoja mdogo kuliko kidole, baadhi yao wakitapatapa bado. Ikiwa kiumbe huyu huumia, kama wanavyoona wataalamu wengi wa zama zetu, basi maumivu yaliyotandazwa juu ya mchanga ule kwa asubuhi moja yamezidi uwezo wetu wa kusikitika, na hapo ndipo akili inapopaswa kuushika mkono moyo.

Akili nayo itauliza sadaka imefika wapi. Chandarua kinachogawiwa bure kumkinga mtoto na malaria kimo katika hisani zenye manufaa makubwa kabisa zilizopata kupimwa. Lakini katika ziwa hili vimo vyandarua vilivyoshonwa pamoja vikafanywa kokoro, likakokotwa katika maji mafupi ambako samaki wengi huzaliana, na matundu yake hayamwachi hata kifaranga. Mtoaji hakukusudia hayo, wala avutaye kamba si dhalimu, maana nyumbani anangojwa na watoto wenye njaa.

Tarehe 12 Juni 2003, huko Dar es Salaam, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa, na baadaye zikaafikiana kulipumzisha. Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Amri ni ya serikali, bali gharama humwangukia mvuvi na mwanamke anayeishi kwa kununua samaki na kuwaanika.

Atatokea mwenye kusema kwamba samaki anayeachwa azaane ili avuliwe Agosti hakuhurumiwa, ameahirishiwa tu kifo. Hoja hii ina uzito, na simwoni aliyeijibu ikaisha. Waislamu wa Rumonge wanakijua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa maji kwa kiatu chake: hakutaraji malipo yoyote kwa mbwa, na usafi wa nia ile sisi hatuna, maadamu tunamtaka ndagala sahanini. Hata hivyo kifaranga aliyeponea kokoro ameishi, iwayo yote nia yetu. Kwa hiyo faranga zitakazonunua unga na maharagwe ya nyumba ya mvuvi katika miezi ya kufungwa ziwa, ili kokoro libaki kavu, naziita bila kusita sadaka kwa samaki, ingawa mkono utakaozipokea ni wa binadamu.