Aliyeshika Mwisho

Pikipiki imeingia gereji ikiwa inatembea. Imemwagwa oili, kabureta imesafishwa, plagi imebadilishwa, tapeti zimerekebishwa. Inatoka inaunguruma vizuri, lakini ikishapata moto inazima, na hata ipigwe kiki vipi haiwaki mpaka ipoe. Mwenye bodaboda anasema fundi ameiharibu. Fundi anasema ilikuja na ugonjwa wake. Wengi huuona huu ugomvi wa fedha tu. Mimi naona ndani yake swali la zamani: jambo likifuata jingine, tuna haki gani ya kusema la kwanza ndilo lililoleta la pili? Na lipo swali zito zaidi: kabla hatujajua, ni nani anayewajibika kutafuta? Ninachoshikilia ni kwamba kufuatana kwa mambo hakutoshi kumtia mtu hatiani, ila kunatosha kabisa kumtwika kazi ya kutafuta yule aliyeshika mwisho.

Shaka juu ya sababu si ya kupuuzwa. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Tahafut al-Falasifa kwamba pamba ikikutana na moto tunachokiona ni kuungua kunakofuata kukutana. Hatuoni kwamba moto ndio unaounguza. Mtendaji ni Mungu, na mfuatano huo ni desturi aliyoiweka. Ibn Rushd, aliyefariki 1198, alimjibu kwamba anayekana sababu ameikana akili yenyewe. Mtu anaweza kumtumia Ghazali vibaya na kusema injini imezima kwa kadari, basi yaishe. Lakini desturi ya Mungu ni desturi, haiyumbi ovyo, na ndiyo inayompa fundi pa kuanzia. Chuma kikipata joto hurefuka. Kati ya tapeti na shina la valvu huachwa upenyo mdogo sana, kwa injini nyingi ndogo kama sehemu moja ya kumi ya milimita au chini yake, nao hupimwa injini ikiwa baridi. Fundi akikaza kwa kufuata sikio ili kelele iishe, upenyo unatoweka. Shina likirefuka valvu haifungi vizuri, kompresheni inavuja, kiki inakuwa laini mguuni. Ikipoa inawaka tena. Dalili ingekuwa nyingine, tuseme injini haikai silensa na kila resi ikishushwa inazima, ningetazama oringi iliyobanwa vibaya kabureta iliporudishwa, ikaacha hewa inyonywe pembeni. Awe anamfuata Ghazali au Ibn Rushd, fundi atashika spana ileile.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka gereji kwenyewe. Pikipiki nyingi hupelekwa sevisi kwa sababu zimeshaanza kusumbua, kama mgonjwa anavyokwenda kwa daktari kwa sababu anaumwa. Kufa kwake baada ya sindano hakuthibitishi kwamba sindano imemuua. Ni kweli, na ndiyo maana nimesema kutafuta, sikusema kuhukumu. Ila utafutaji wenyewe una adabu yake. Kilichoguswa kirudiwe kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja injini ijaribiwe. Anayebadilisha plagi, kurudia tapeti na kufungua kabureta kwa mpigo mmoja anaweza kuiwasha pikipiki, lakini hajajua chochote, na mteja akilipia vitu vitatu huenda viwili vilikuwa vizima.

Kwa nini mzigo huo uwe wa fundi? Wanazuoni wa Kimaliki walimfanya fundi mdhamini wa mali aliyokabidhiwa mpaka athibitishe kwamba hakukosea, kwa ajili ya maslahi ya watu. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi ni mwaminifu, hadhamini ila akizembea. Nakubaliana na Washafi kuhusu fedha: si haki kumlipisha mtu kwa shaka. Lakini Wamaliki waligusa jambo ambalo imani peke yake hailimalizi. Mwenye pikipiki hakuona nati ipi ilikazwa kwa nguvu gani. Aliyeona ni fundi peke yake. Kumwambia asiyeona athibitishe ni kumfungia mlango wa haki yake. Kwa hiyo mwenye ushahidi na autoe: afungue kifuniko cha tapeti mbele ya mwenye mali na kupima upya. Naona hii ni sehemu ya amana, si hisani. Nao mafundi wanaohofia kwamba wateja wakorofi watatumia nafasi hiyo wasisahau kwamba kupima hadharani huwalinda wao pia. Upenyo ukionekana uko sawa na kompresheni bado ni dhaifu, matone machache ya oili yadondoshwe kwenye tundu la plagi. Kiki ikirudi kuwa ngumu, ringi za pistoni zimekwisha. Ringi haziishi kwa sevisi ya siku moja. Hapo gharama ni za mwenye pikipiki, na fundi ana haki ya kudai ujira wake wote.