Macho Hayana Pazia

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Kwa kauli hiyo walitaka kutufahamisha kuwa mtu hawezi kukatazwa kuona lililo mbele yake, wala halaumiwi kwa kuliona. Lakini kauli hii, kama zilivyo methali nyingi, yatoa haki bila ya kutaja wajibu unaofuatana nayo. Katika makala hii tunakusudia kuuliza swali moja ambalo sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kulikabili kila tunapowaongoza wanafunzi kwenda kuona magofu na miji ya kale. Je, mtu anayeutazama mji wa watu wengine kwa siku moja, kisha akarudi kwao, ana deni lolote? Na kama analo, amlipe nani, na amlipe nini?

Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona swali hili kuwa dogo. Sisi tuandikao kutoka Quitunda, wilaya ya Palma, kaskazini ya Cabo Delgado, hatulioni hivyo, na sababu yetu tutaieleza mbele.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina maneno matatu ambayo mara nyingi tunayatumia kana kwamba ni neno moja: kutembelea, kutalii na kuzuru. Kutembelea latokana na kutembea, nalo halidai kitu zaidi ya miguu. Kutalii lina mzizi wake katika Kiarabu, na huko mzizi huo wahusu kusoma kwa makini na kuyapitia maandishi. Hivyo mtalii wa kweli ni msomaji, na mji ndio kitabu chake. Kuzuru nako kwatokana na neno la Kiarabu lililotupa ziara, na katika pwani yetu ziara ya tangu kale ni ile ya makaburi, pale mtu anapokwenda kwa heshima kuwaombea waliotangulia. Basi mtu aweza kuingia katika mji mmoja, kwa njia moja, siku moja, akawa ametembea tu, au amesoma, au amezuru. Miguu ni ile ile. Tofauti imo katika nia na adabu.

Hebu tuyapime maneno hayo kwa mfano. Kisiwa cha Msumbiji, ambacho kwa Kireno huitwa Ilha de Moçambique, kiko katika jimbo la Nampula, kusini ya jimbo letu. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 3 na upana wake ni kama nusu kilomita tu, nacho kimeungwa na bara kwa daraja lililojengwa katika miaka ya 1960. Wareno walipofika mwaka 1498 wakiongozwa na Vasco da Gama, walikuta hapo mji wa wafanyabiashara Waislamu, wenye sheikh wao na vyombo vyao vya baharini. Jina la nchi nzima lilitoka katika kisiwa hiki, na kisiwa chenyewe, kama isemwavyo, kilipewa jina la mtawala wake wa zamani, Musa bin Biki. Hapo palikuwa makao makuu ya utawala wa Wareno hadi mwaka 1898, yalipohamishiwa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Mwaka 1991 UNESCO ilikiandika kisiwa hiki katika orodha ya urithi wa dunia.

Kikundi chetu cha walimu kilipata siku moja ya kukizungukia. Asubuhi tulikwenda ngome ya São Sebastião, iliyoanza kujengwa mwaka 1558, ambayo Waholanzi waliizingira mwaka 1607 na tena mwaka 1608 wasiweze kuitwaa. Karibu na kuta zake, penye ncha ya kisiwa, kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka 1522. Adhuhuri tuliliona jumba la São Paulo, lililokuwa chuo cha mapadri kabla ya kuwa makazi ya magavana, na ambalo sasa ni makumbusho. Tuliona pia sanamu ya Camões, mshairi mkubwa wa Wareno, aliyewahi kukwama kisiwani humo katika miaka ya 1560 kwa ufukara, akingoja wa kumlipia nauli ya kurudi kwao. Yote hayo ni mazuri kuyaona, na wala hatuna haja ya kuficha kwamba tuliyafurahia.

Lakini alasiri tuliingia upande wa kusini, katika mji wa makuti, wanakokaa wengi wa wakazi wa kisiwa. Hapo msafiri hupata ajabu moja: barabara iko juu na nyumba ziko chini, hata mapaa mengine yamelingana na miguu ya mpita njia, naye akitaka aweza kuona uani mwa watu bila ya kuinua shingo. Mvua zikinyesha, maji hutelemkia huko. Mwenzetu mmoja ajuaye Kimakua alimwamkia mzee aliyekuwa ameketi mlangoni, tukapiga hodi, tukakaribishwa. Tulipoanza kuyasifu majumba ya mawe ya upande wa kaskazini, mzee alisikiliza kwa upole, kisha akasema, “Majumba hayo yalitoka hapa tulipokaa.” Alisema kweli. Mashimo yale ni machimbo. Mawe ya matumbawe yaliyojengea mji wa kaskazini yalichongwa katika ardhi ya kusini, na waliobaki na shimo wakajenga vibanda vyao ndani yake.

Tunaomba msomaji aitafakari habari hiyo. Mji mmoja ni mzuri kwa sababu mwingine ulichimbwa, na mgeni aliyeishia kaskazini hakudanganywa na mtu yeyote. Aliyoyaona yote ni kweli. Hata hivyo, amekwenda zake akiwa na nusu ya habari, kama mtu aliyesoma kitabu akaruka kurasa zinazoeleza kazi ilifanywa na nani. Deni la kwanza la mwenye kutazama, basi, ni kuuliza: jiwe hili lilitoka wapi, na nani alilibeba?

Hapo hapo tulimwona mgeni mmoja akisimama barabarani, akaelekeza kamera chini uani, akampiga picha mwanamke aliyejipaka msiro usoni, akaendelea na safari yake. Hakumtukana wala hakumwibia. Ila hakumwamkia. Watu wa pwani tunajua kwamba ikiwa macho hayana pazia, mlango una hodi. Hodi ni kukiri kwamba mbele yetu yuko mtu mwenye nyumba yake, ambaye aweza kutukubali au kutukataa. Anayetazama bila ya hodi amemgeuza mwenyeji kuwa kitu kimojawapo cha kutazamwa, sawa na ukuta. Na hilo ndilo deni la pili.

Kuna watakaotupinga. Watasema kwamba mgeni huleta fedha, na fedha hizo ndizo zinazotengeneza paa la jumba bovu na kumlisha mwenye mashua. Methali yenyewe yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatukatai. Lakini methali hiyo yasema mwenyeji apone, haikusema ahame. Mji wa Venice katika Italia ni mfano wa kutosha. Ni mji uliojengwa juu ya maji na watu wenye akili na subira kubwa, nao leo hupokea mamilioni ya wageni kila mwaka, wengi wao wa siku moja tu. Mwaka 1951 wakazi wa mji wake wa kale walipita 170,000. Mwaka 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000. Zipo sababu nyingi za upungufu huo, lakini mojawapo ni kwamba nyumba ya kupangisha wageni hulipa zaidi kuliko nyumba ya kupangisha jirani. Mwaka 2024 serikali ya mji ilianza kuwatoza wageni wa siku moja kiingilio cha euro 5 katika siku za msongamano. Kiingilio ni desturi ya jumba la maonyesho. Mji unapofikia kuwatoza watu mlangoni, yafaa tujiulize kama bado mgeni ana mwenyeji wa kumponya.

Wengine watasema kwamba wafu hawajui kama wanakumbukwa au hawakumbukwi, hivyo kuzuru ni kujisumbua bure. Hoja hii ni nzito zaidi, nasi hatutaijibu kwa dini, maana wasomaji wetu ni wa dini mbalimbali. Twaijibu kwa mfano. Mwezi wa Desemba mwaka 1794, merikebu ya Kireno iliyoitwa São José ilitoka Kisiwa cha Msumbiji ikielekea Brazil, imebeba watumwa zaidi ya 500. Tarehe 27 ya mwezi huo ilivunjika karibu na Cape Town, na watumwa zaidi ya 200 wakafa maji. Waliookoka waliuzwa. Wale waliokufa hawakuwa na kaburi wala jiwe la kutazamwa na mgeni yeyote. Watafiti walipokwisha kuitambua merikebu hiyo, mwaka 2015, udongo ulichukuliwa kutoka Mossuril, bara ya kisiwa kile, ukapelekwa Cape Town na kumwagwa baharini mahali ilipozama. Hatudhani kwamba wafu wale walinufaika kwa jambo hilo. Lakini walio hai walipata njia ya kusema kwamba wale hawakuwa shehena, walikuwa watu wenye kwao. Na anayezoea kusema hivyo juu ya wafu hatakuwa mwepesi kuwatendea walio hai kama shehena.

Sasa tufike Quitunda. Kijiji hiki hakina ngome wala msikiti wa kale. Kilijengwa ili kuwapokea watu wa vijiji vya rasi ya Afungi, kama vile Quitupo, waliohamishwa kupisha mradi wa gesi asilia. Familia za kwanza ziliingia mwaka 2019. Nyumba ni za matofali, zimepangwa kwa safu zilizonyooka, na hatutaki kuzibeza, kwani paa lisilovuja ni neema. Lakini bahari iko mbali kwa mvuvi, na mashamba na minazi ya wazee vilibaki nyuma. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa, maelfu ya watu walikimbilia hapa Quitunda. Watu ambao wenyewe walikuwa wamehamishwa juzi wakawa wenyeji wa waliokimbia leo.

Hapa ndipo swali letu linapouma. Kilwa Kisiwani watu huenda kuona msikiti mkuu na Husuni Kubwa, kwa sababu jiwe la matumbawe hudumu. Quitupo ilikuwa ya miti, udongo na makuti, na vitu hivyo havingoji wageni. Mtoto aliyehama akiwa na miaka 3 hana gofu la kuonyeshwa na kuambiwa, “Hapa ndipo alipokaa babu yako.” Tukimfundisha kwamba historia ni kile kinachoweza kutazamwa kwa siku moja, tutakuwa tumemfundisha, bila ya kutamka, kwamba yeye hana historia. Na hilo si kosa dogo la kufundisha. Ni dhuluma, hata ikitendwa kwa nia njema na kwa safari ya kufurahisha.

Je, tuache kuwapeleka wanafunzi kuona miji ya kale? Hasha. Mwenye siku moja na nauli haba hana lawama kwa uhaba wa siku zake, na ni afadhali siku moja ya kusoma kuliko mwaka wa kupita tu. Ila twapendekeza kwamba safari ya namna hiyo ianzie nyumbani. Kabla ya kwenda Ibo, Kilwa au Kisiwa cha Msumbiji, kila mwanafunzi na apige hodi kwa mzee wa mtaa wake, amwamkie, amwulize majina: kisima kiliitwaje, bandari ya mitumbwi iliitwaje, mwembe wa mkutano ulikuwa wa nani, mwamba wa kuvulia ulijulikana kwa alama gani. Ayaandike katika daftari kwa Kiswahili, na palipo na neno la Kimakwe lisilo na mfano, aliandike kama lilivyo. Jina la mahali ni jiwe ambalo moto hauliunguzi wala tingatinga haliling'oi, ila husahauliwa upesi kuliko jiwe. Baadhi ya wazee wayajuao majina hayo wamekwisha kufariki, na kila mwaka wanapungua.

Mwanafunzi aliyekwisha kuifanya kazi hiyo, akifika mbele ya ngome ya São Sebastião, hatashangaa kwa mdomo wazi wala hatajiona mnyonge. Atauliza jiwe lilitoka wapi. Atatelemka upande wa makuti, na kabla ya kutazama atapiga hodi. Huyo tutamwita mtalii kwa maana ya asili ya neno, na pengine, bila ya sisi kumwambia, atakuwa amezuru.