Kumsaidia Mkimbizi: Je, Ni Huruma au Ni Deni?



Mwaka mmoja, katika mtaa nilioutumikia, walifika watu wa nyumba saba waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka. Walikuwa na masufuria, mikeka, na mtoto mmoja mgonjwa. Baraza la wazee likakutana siku ile ile. Mzee mmoja, mtu mcha Mungu ambaye simlaumu hata leo, akasimama akasema, "Mchungaji, wajane wetu wenyewe hawana mabati. Na tuwatunze kwanza walio wetu. Kikibaki kitu, ndipo tuwape wageni." Wazee wengi wakaitikia. Mimi nami sikuwa na jibu. Tukawapa wale watu madebe mawili ya mahindi, nao wakashika njia yao. Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi kama neno lile lilikuwa la haki.

Katika kulitafutia jibu nimesoma habari za Wayahudi, jinsi wanavyowasaidia watu wanaokimbia vita. Sisemi habari za serikali wala za majeshi, maana hizo zina mashindano yake. Nasema habari za vyama vya watu wanaochangiana fedha. Nimewachagua wao kwa sababu swali la mzee wetu wamelijibu karne nyingi, tena mara nyingi wao wenyewe wakiwa ndio wakimbizi.

Na tuanze na neno lenyewe. Sisi twasema sadaka, neno tulilolipata kwa Waarabu; na neno hilo la Kiarabu ni ndugu wa neno la Kiebrania, tsedaka. Lakini tazameni jinsi ndugu hawa walivyoachana njiani. Vinywani mwetu sadaka ni kitu cha hiari: mtu akitoa husifiwa, asipotoa hakuna wa kumdai. Kwa Wayahudi tsedaka maana yake ni haki. Katika miji yao ya kale palikuwa na sanduku la maskini na watu waliochaguliwa kulikusanyia, nao waliweza kumkadiria mtu kiasi chake na kumlazimisha akikataa. Hata maskini anayeishi kwa kupewa hutakiwa naye atoe kidogo katika alichopewa. Hapo zamani nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nililiona ni ukali. Sasa naona ni heshima, kwa maana anayedaiwa sadaka huhesabiwa kuwa mtu kamili kama wenziwe.

Mwalimu wao mkuu, Musa bin Maimun, aliyefariki Misri mwaka 1204, alipanga utoaji katika ngazi nane. Ya chini kabisa ni ya mtu atoaye kwa kununa. Ya juu kabisa si ya mtu atoaye fedha nyingi. Ni ya yule amkopeshaye mwenye shida, au amfanyaye mshirika katika biashara, au ampatiaye kazi, hata asihitaji tena kuomba. Mwalimu huyu alijua alichokisema. Alizaliwa Córdoba katika Hispania, na jamaa yake walikimbia huko kwa sababu ya watawala waliowatesa kwa ajili ya dini. Baadaye, alipokuwa Misri, alihimiza michango ya kuwakomboa mateka wa vita.

Je, sheria yao yasema nini juu ya neno la mzee wetu? Kwa kweli yamwunga mkono. Jamaa ya mtu hutangulia, kisha maskini wa mji wake, kisha maskini wa mji mwingine. Ila Torati yenyewe inaamuru tena na tena kwamba mgeni asionewe, wala sababu inayotolewa si huruma. Sababu ni kumbukumbu: ninyi nanyi mlikuwa wageni Misri, na moyo wa mgeni mwaujua. Mambo haya mawili, walio wetu kwanza na mgeni asisahauliwe, yamekaa pamoja katika nyumba moja, na historia yaonyesha jinsi yalivyovutana.

Mwezi wa Agosti mwaka 1914, vita kuu ilipoanza, balozi wa Marekani katika mji wa Istanbul, Henry Morgenthau, alipeleka simu New York akiomba dola 50,000 kwa ajili ya Wayahudi wa Palestina waliokuwa hatarini kufa njaa. Fedha zikapatikana. Mwaka ule ule kikaundwa chama ambacho watu hukiita Joint, yaani cha pamoja, kwa kuwa kamati zilizokuwa mbalimbali ziliunganisha sanduku lao. Matajiri walikuwamo, na washika desturi za kale walikuwamo, na punde wakaingia na mafundi wa viwandani. Watu wasioweza hata kusali pamoja. (Sisi wa madhehebu mengi tungeweza kujifunza hapo.) Fedha zile zilikuwa kwanza za Wayahudi kwa Wayahudi. Nani angewalaumu? Hapakuwa na mwingine aliyewakumbuka.

Jambo hili lilionekana wazi zaidi Uingereza. Mwaka 1933, Hitler alipotwaa utawala, wakuu wa Wayahudi wa London waliiahidi serikali kwamba mkimbizi Myahudi atokaye Ujerumani hatakuwa mzigo wa serikali. Wao wenyewe watamlisha na kumpa malazi. Walidhani watakuja elfu chache. Wakaja makumi ya elfu. Tangu Desemba 1938 hata Septemba 1939 wakaletwa watoto wapata 10,000, wengi wao Wayahudi, bila wazazi wao, kila mmoja na namba yake shingoni. Na serikali ilitaka dhamana ya pauni 50 kwa mtoto. Wakristo wa dhehebu la Marafiki walisaidia sana kazi ile. Wengi wa watoto hawakuwaona tena baba zao na mama zao. Vita ilipoanza, ahadi ya mwaka 1933 ilikuwa imewaelemea wale walioitoa, hata serikali ikabidi kutia bega.

Sisi tuitwao Walutheri hatuwezi kupita hapa kimya. Baba yetu Luther aliandika mwaka 1543 kitabu kibaya juu ya Wayahudi, na watesi wao wakakitumia. Mwaka 1984 Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliyakataa maneno yale hadharani. Ilikuwa vema, ingawa ilichelewa.

Sasa tazameni lililofuata. Chama kiitwacho HIAS kilianza New York mwaka 1881 kwa ajili ya Wayahudi waliokimbia mauaji katika Urusi. Baada ya mwaka 1975 kiliwapokea pia watu wa Vietnam na Kambodia, ambao si Wayahudi. Mwaka 2002 kikaanza kazi Nairobi, kikiwahudumia wakimbizi kama Wakongo na Wasomali. Watu wa chama hicho husema kwamba zamani waliwasaidia wakimbizi kwa kuwa wakimbizi ni Wayahudi. Siku hizi huwasaidia kwa kuwa wao wenyewe ni Wayahudi. Wala neno hili halikuwa rahisi. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi la Pittsburgh akaua watu 11 waliokuja kusali. Kabla ya kuingia alikuwa ameandika kwamba anakichukia chama hicho kwa kuwa kinaleta wageni.

Na mwaka 2022, vita ilipowafukuza Waukraine, mamilioni waliingia Poland. Katika mji wa Kraków, ambao kabla ya mwaka 1939 ulikuwa na Wayahudi zaidi ya 60,000, leo wamebaki wachache sana. Kambi ya Auschwitz haiko mbali. Nyumba ya jumuiya ya hao wachache ilifungua mlango, ikagawa chakula, nguo na dawa. Wengi mno wa waliopanga foleni hawakuwa Wayahudi. Kama kuna watu duniani ambao wangeweza kusema "walio wetu kwanza" bila kulaumiwa, ni hao.

Basi, namrudia mzee wetu. Naona sasa kwamba utaratibu wake ulikuwa sawa, kwa maana mtu huanza kutembea kutoka mlangoni pake. Kosa lilikuwa letu sote, nami wa kwanza, tulipoufanya mlango ule kuwa mwisho wa safari. Tena yale madebe mawili tuliyatoa ili watu wale waondoke. Hatukumwuliza hata mmoja wao kama ni fundi, wala kama angetaka kukopeshwa jembe na kipande cha shamba kwa msimu mmoja. Na mashamba ya mtaa yaliyolala yalikuwapo.

Miezi kadhaa baadaye nikaja kujua kwamba usiku ule mtoto mgonjwa alilala katika nyumba ya mmoja wa wajane wale wale wasio na mabati. Barazani hakuna aliyekuwa amemwuliza.