Chokaa irudi mikononi mwa mafundi

Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa enzi za Sultani Majid katika miaka ya 1860, haliko mbali na Upanga, nalo ni darasa tosha kwa kijana anayejifunza uashi. Wapo wanaosema saruji ni ngumu zaidi kuliko chokaa na hukauka upesi. Ni kweli, na kwa nyumba ya matofali ya saruji inafaa. Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe, kama wa Boma hilo, hufyonza unyevu wa ardhini: chokaa huuacha utoke, saruji huufungia ndani, chumvi ikaula ukuta na lipu ikabanduka. Chokaa iliyoiva, laini kama siagi kwenye mwiko, hutambuliwa kwa mkono, si kwa kitabu. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA viifundishe kwa vitendo, wazee wanaoijua wangalipo.