Fundi, Ndege ya Kivita na Dhamiri

Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya hapa Kitai, kijana mmoja fundi wa kuchomelea alibaki nyuma akanionyesha picha katika simu yake. Ilikuwa ndege nyekundu yenye mbawa tatu, moja juu ya nyingine. Mtu fulani huko Ulaya alikuwa ameiunda kwenye banda la nyumbani kwake, kwa ukubwa uleule wa ndege halisi ya vita ya zamani. Kijana akasema naye anataka kuunda ya kwake. Mabomba ya chuma anajua pa kuyapata, na kuchomelea ndiyo kazi yake. Kisha akauliza, "Mwalimu, ni dhambi?"

Nilimjibu haraka. Nikamwambia, "Mwanangu, kuna watoto hapa hawana hata madawati, nawe unataka kuchezea chuma?" Akanyamaza, akaniaga kwa adabu.

Usiku ule jibu langu lilininyima amani, maana nilikumbuka ni nani katika Injili ya Yohana aliyesema maneno yanayofanana na hayo. Maria wa Bethania alipompaka Bwana marhamu ya thamani kubwa, Yuda ndiye aliyelalamika kwamba yangeuzwa wakapewa maskini. Sisemi kwamba ndege ya chuma ni sawa na marhamu yale. Nasema tu kwamba maskini wanaweza kutumiwa kama rungu la kumpigia mtu ambaye hatujamsikiliza. Sikumuuliza kijana yule anapenda nini katika ndege ile. Basi kesho yake nilimfuata kwenye kibanda chake.

Alikuwa ameisoma habari yake vizuri. Ndege ile inaitwa Fokker Dr.I, ya Wajerumani, iliyoanza kutumika vitani mwaka 1917. Urefu wake haufiki mita 6. Kiunzi cha mwili wake kilikuwa mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mbawa zilikuwa za mbao, na juu yake kulivutwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Ziliundwa 320 tu, na leo hakuna hata moja kamili iliyobaki. Zote zinazoonekana zikiruka katika maonyesho ni mifano iliyoundwa baadaye na watu kama huyo wa kwenye picha, wengi wao wakitumia miaka ya jioni zao. "Mwalimu," akasema, "watu wale walichomelea kwa mikono kama mimi. Nataka kujua mkono wangu unafika wapi."

Hapo nikaona kwamba swali lake ni zito kuliko nilivyodhani, tena si swali moja.

La kwanza ni la haki. Nilimuuliza kuhusu mageti mawili yaliyoegemezwa ukutani. Akainamisha kichwa. Wenyewe walikuwa wamelipa malipo ya awali, na muda waliopatana ulikuwa umepita. Hapa jibu halihitaji falsafa. Chuma kilicholipiwa na jirani kina mwenyewe, na jioni za fundi zina wadai wake kabla hazijawa zake. Bwana wetu katika Luka 14 anamtaja mtu anayekaa chini kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Katika hesabu hiyo tuweke na deni tulilonalo kwa wengine. Kuhusu kuirusha, nilimwambia asifikirie kabisa bila wataalamu na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, maana ndege ikianguka haichagui paa la kuliangukia.

La pili ni la damu, na hili lilitushika muda mrefu. Ndege ile ilitengenezwa ili kuua. Mbele ya rubani zilikaa bunduki mbili za rashasha, zilizopangwa zifyatue risasi kupitia mzunguko wa pangaboi bila kuligonga. Rubani wake anayejulikana zaidi, Manfred von Richthofen, alihesabiwa ushindi wa ndege 80 katika vita ile, ingawa nyingi aliziangusha akiwa katika ndege za aina nyingine. Mwenyewe aliuawa Aprili 21, 1918, akiwa na miaka 25, na maadui zake ndio waliomzika kwa heshima. Nyuma ya hesabu ile kulikuwa na akina mama wengi waliopokea barua za msiba, na mwishoni mama yake pia.

Kijana akaniuliza, "Basi niiunde bila bunduki?"

Mwanzoni niliona hilo ndilo jibu la Kikristo. Baadaye nikabadili mawazo. Ndege ya kivita isiyo na bunduki inapendeza kama mwanasesere, nao watoto watakaoizunguka watajifunza kwamba vita ni rangi nyekundu na mbawa nzuri. Huo ni uongo, hata kama umefanywa kwa nia njema.

Sisi wa Ruvuma hatuna haki ya kudanganyana juu ya jambo hili. Pale Liuli, Agosti 1914, meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli ile iligharimiwa kwa fedha zilizochangwa Ujerumani kwa ajili ya kupambana na biashara ya watumwa katika Ziwa Nyasa. Ikaja meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaipiga mizinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Alipanda mashua ndogo akaenda kumuuliza nahodha mwenzake, Rhoades, ambaye alikuwa rafiki yake, ana wazimu gani. Akachukuliwa mateka. Chuma kilichonunuliwa kwa nia njema hakikuweza kulinda urafiki wa watu wawili.

Na pale Songea, katika Makumbusho ya Maji Maji, silaha za mababu zimehifadhiwa. Lakini anayekwenda kuziona anakuta pia kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa Februari 1906. Silaha na kaburi viko mahali pamoja. Hakuna anayetoka pale akidhani kwamba vita ni mchezo.

Hilo ndilo nililomwambia kijana wetu. Maliza mageti. Kisha, kama moyo bado unakutuma, unda ndege yako, na bunduki za bandia uziweke, mradi uwe tayari kusimama kando yake na kumweleza kila mtoto zilikuwa za nini na ni akina nani waliolia. Ukiona haya kueleza hayo, usiiunde. Mfano wa silaha unakuwa dhambi pale unapowaficha wafu.

Nabii Isaya, katika sura ya 2, anaiona siku ambayo silaha za mataifa zitageuzwa kuwa zana za kulimia. Nimesoma maneno yale miaka mingi bila kugundua kwamba kazi ile inahitaji mhunzi. Mungu hasemi chuma kitupwe wala ufundi uachwe. Siku ile itahitaji watu wanaojua moto na nyundo, na wanaojua pia kile ambacho chuma kilifanya jana.

Geti la kwanza limeshapelekwa kwa mwenyewe. La pili linangoja rangi. Kuhusu ndege, bado anahesabu gharama, nami namwombea. Wewe unayesoma, jiulize: kitu unachokipenda na kukitengeneza kwa mikono yako, je, unaweza kueleza ukweli wake wote mbele ya mtoto?